Anayebaki na Mtoto Usiku

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, leo nataka tumzungumzie mtu ambaye historia humsahau. Si hakimu, si wakili, wala si daktari. Ni yule mwenye funguo.

Mtoto wa miaka kumi na minne akikamatwa kwa wizi, mchana hupita mikononi mwa watu wengi. Polisi huandika maelezo, hakimu humtazama kwa dakika chache, afisa ustawi wa jamii huuliza habari za wazazi, na kama ana bahati, daktari humpima. Jua likizama, wote hao huenda makwao. Saa nane ya usiku mtoto akianza kulia, au kupiga kichwa chake ukutani, anayesikia ni mmoja tu. Je, mtu huyo amefundishwa nini juu ya akili ya mtoto? Ndilo swali langu la leo.

Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 120, na mahali pazuri pa kuifuata ni mji wa Chicago, Marekani. Huko ndiko ilikoanzishwa mahakama ya kwanza ya watoto. Huko ndiko mahakama ya namna hiyo ilikopata kliniki yake ya kwanza ya kuchunguza akili za watoto. Na ni huko huko, karibu miaka mia moja baadaye, watafiti walikokwenda kuhesabu nani hasa wamo ndani ya kuta. Tena jambo hilo halikubaki Chicago. Tutaona lilivyofika kwetu.

Turudi basi miaka ya 1890. Chicago ulikuwa mji wa reli, viwanda na machinjio, uliofurika wahamiaji waliotoka pande zote za Ulaya. Watoto wao walicheza barabarani, na wengine waliokota makaa yaliyodondoka kwenye mabehewa, na pengine hata yale ambayo hayakudondoka. Walipokamatwa walitiwa jela pamoja na watu wazima. Mtoto aliingia kwa kosa la makaa, akatoka amehitimu ujambazi.

Akina mama wa Chicago Woman's Club, akiwemo Lucy Flower, waliliona hilo na hawakunyamaza. Pamoja nao walikuwapo Julia Lathrop na Jane Addams wa Hull House, nyumba ya huduma iliyofunguliwa mwaka 1889 katikati ya mitaa ya wahamiaji. Walisumbua wanasheria na wabunge mpaka sheria ikapatikana, ikaanza kazi tarehe 1 Julai, 1899. Ilihusu watoto walio chini ya miaka 16. Ilikataza mtoto aliye chini ya miaka 12 kutiwa jela au kituo cha polisi. Na ilimtaka hakimu amtazame mtoto kwa jicho la mzazi, si kwa jicho la mlipiza kisasi.

Lakini msikilizaji, nani angeifanya kazi yenyewe? Sheria iliruhusu kuteuliwa maafisa probesheni, yaani watu wa kumsimamia mtoto akiwa nyumbani kwao, ila iliweka sharti kwamba wasilipwe kutoka mfuko wa umma! Serikali kukubali wazo zuri na kukataa gharama zake, kumbe ni tabia ya zamani. Akina mama wale wale wakachangisha fedha za mishahara.

Afisa wa kwanza aliitwa Alzina Stevens. Huyu mama alianza kazi kiwandani akiwa bado mtoto, na akiwa na miaka 13 mashine ya nguo ilimkata kidole. Alipokaa mbele ya mtoto wa maskini hakuhitaji kuelezwa umaskini ni kitu gani. Chuo chake kilikuwa maisha yake. Bahati mbaya alifariki mwaka 1900, na huwezi kujaza idara nzima kwa watu wa namna hiyo kila mwaka.

Baada ya miaka michache jambo moja likadhihirika. Watoto walikuwa wanarudi. Hakimu alikuwa mpole, afisa alikuwa na huruma, na bado sura zile zile zilirudi kizimbani. Hapo wanaharakati wale wakatambua kwamba huruma peke yake haitoshi, yafaa iwe na maarifa. Wakafanya mambo mawili.

La kwanza ni shule. Mafunzo yaliyoanza mwaka 1903 yalikua, na kufikia 1908 yakawa Chicago School of Civics and Philanthropy. Julia Lathrop alikuwa mmoja wa nguzo zake, na wenzake Sophonisba Breckinridge na Edith Abbott walifundisha hapo wakafanya na utafiti. Mwaka 1912 wawili hao walitoa kitabu juu ya mtoto mkosaji na nyumba anakotoka. Mwaka 1920 shule hiyo ilijiunga na Chuo Kikuu cha Chicago. Kazi ya ustawi wa jamii, iliyodhaniwa kuwa ni ya moyo mwema tu, ikawa taaluma yenye darasa na mtihani.

La pili ni kliniki. Mwaka 1909 mama mwenye uwezo, Ethel Sturges Dummer, alikubali kuigharimia kwa miaka mitano. Akawekwa daktari wa mishipa ya fahamu, William Healy, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akiwa mdogo. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza watoto wanaorudi mahakamani tena na tena.

Healy alifanya jambo lililo rahisi kulitaja na gumu kulifanya: alimwachia mtoto asimulie habari yake mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alimpima mwili, akampima akili, akatuma mtu kwenda kuona nyumbani na shuleni, kisha akakaa akasikiliza. Mwaka 1915 alitoa kitabu kikubwa kiitwacho The Individual Delinquent. Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba ujambazi hurithiwa kama rangi ya macho, lakini Healy alisema hakuona sababu moja inayowaeleza watoto wote. Huyu alikuwa na ugonjwa, yule alivunjwa na ugomvi wa nyumbani, mwingine alikuwa na siri iliyomtafuna tangu utotoni. Kila mmoja na lake.

Hapa lazima niweke onyo, maana mafunzo ni kama kisu, hukata mboga na hukata kidole. Wakati ule ule alikuwapo mtaalamu mwingine, Henry Goddard, katika shule ya watoto wenye mtindio wa akili huko Vineland, New Jersey. Naye alifundisha. Aliingiza Marekani kipimo cha akili cha Mfaransa Binet, na wakati wa likizo aliwafundisha walimu namna ya kukitumia. Kisha akatangaza kwamba wengi wa watoto wakosaji ni wapungufu wa akili kwa kurithi. Kitabu chake cha 1912 juu ya ukoo aliouita Kallikak kilisomwa sana. Indiana ilikuwa imeshapitisha sheria ya kufunga uzazi wa watu wa namna hiyo mwaka 1907, majimbo mengine yakafuata, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ikabariki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 Goddard alikuwa amebadili sehemu kubwa ya msimamo wake. Lakini maelfu walikwisha kukatwa uzazi, na hakuna anayeweza kukurudishia mtoto ambaye hukumzaa.

Kwa hiyo, tunaposema wanaoshughulikia watoto wafundishwe, hatuna budi kuuliza wanafundishwa nini. Elimu ya uongo ikishapewa cheti ni hatari kuliko ujinga.

Mwaka 1917 Healy alihamia Boston, akaongoza kliniki iliyopewa jina la Harvey Baker, hakimu wa kwanza wa mahakama ya watoto ya mji huo. Alikuwa pamoja na Augusta Bronner, mtaalamu wa saikolojia ambaye baadaye alikuwa mke wake. Waliwapima watoto kwa makini na kuandika mapendekezo ya kila mmoja. Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwaka 1934 mtu na mkewe, Sheldon na Eleanor Glueck wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wavulana 1,000 waliopita katika mahakama na kliniki hiyo. Kati ya wale walioweza kufuatiliwa kwa miaka mitano, asilimia 88 walikuwa wametenda makosa tena.

Kulikuwa na mshtuko. Wapo waliosema kliniki haina maana. Lakini Glueck na mkewe walionyesha pia kwamba mapendekezo mengi ya kliniki hayakutekelezwa ipasavyo. Maarifa yalikaa ndani ya faili. Daktari aliandika kwamba mtoto huyu asirudishwe kwa baba anayempiga, na faili likafungwa, mtoto akarudishwa. Waliokaa na mtoto kutwa kucha hawakuwa ndio waliokuwa na maarifa. Mwenye maarifa alikaa na mtoto saa chache, kisha akageukia mwingine.

Miongo iliyofuata ilileta somo jingine. Mwaka 1964, katika jimbo la Arizona, kijana wa miaka 15 aitwaye Gerald Gault alishitakiwa kwamba alimpigia jirani simu ya matusi. Hakuwa na wakili, na maneno ya mashahidi hayakuandikwa. Hakimu akaamuru apelekwe shule ya kurekebishwa, ambako angeweza kukaa hadi afikishe miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kusema mtoto ana haki ya wakili na haki ya kujua mashitaka yake. Wema usio na haki hugeuka kuwa kifungo kirefu chenye jina tamu. Hata leo anayemhoji mtoto juu ya hali ya akili yake lazima akumbuke kwamba majibu hayo yasije yakageuzwa ushahidi wa kumfunga.

Kisha ikaja miaka ya 1990, upepo ukavuma upande mwingine. Mwaka 1995 msomi mmoja, John DiIulio, alitabiri kwamba Marekani itavamiwa na kizazi cha vijana wakatili wasio na chembe ya utu. Magazeti yalilishika neno hilo, nasi wa kazi hii tunajua maneno ya namna hiyo yanavyouza. Majimbo mengi yakarahisisha kuwapeleka watoto mahakama za watu wazima. Utabiri haukutimia. Uhalifu wa vijana ulishuka, na mwenye utabiri mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea. Sheria zilizopitishwa kwa hofu hiyo, hata hivyo, hazikufutika kwa kukiri kwake.

Ni katika kipindi hicho hicho, kati ya 1995 na 1998, kundi la watafiti lililoongozwa na Linda Teplin liliingia katika mahabusu ya watoto ya Kaunti ya Cook, yaani Chicago. Waliwahoji vijana 1,829. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: karibu theluthi mbili ya wavulana, na karibu robo tatu ya wasichana, walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Kuna atakayesema kwamba hapo wamehesabiwa hata wenye utundu wa kuvunja sheria, ambao nao una jina lake katika vitabu vya madaktari. Watafiti walilifikiria hilo. Walipouondoa utundu huo, wavulana walibaki takribani asilimia 60, na wasichana walikuwa zaidi ya hapo.

Basi, miaka mia moja baada ya akina mama wale kuwatoa watoto jela, mahabusu ya watoto ilikuwa imegeuka wodi ya wagonjwa wa akili isiyo na madaktari wa kutosha. Mwaka 2004 ripoti iliyotayarishwa kwa ajili ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba katika miezi sita ya kwanza ya 2003, karibu vijana 15,000 walishikiliwa mahabusu wakisubiri tu huduma ya afya ya akili ambayo haikupatikana mitaani kwao.

Hapo ndipo macho yalipogeuka kumtazama mwenye funguo. Kama madaktari hawatoshi, na kama mtoto hukaa na askari saa nyingi kuliko anavyokaa na mtu mwingine yeyote, kwa nini askari asiwe na maarifa?

Chombo cha kwanza kilikuwa cha maswali. Thomas Grisso na mwenzake Richard Barnum wa Massachusetts walitengeneza orodha ya maswali 52 ambayo kijana hujibu ndiyo au hapana, kwa muda wa dakika kumi hivi, anapopokelewa. Huuliza juu ya hasira, huzuni, ulevi, mambo mabaya aliyoyashuhudia, na mawazo ya kujiua. Si lazima muulizaji awe daktari. Orodha hiyo haitoi jina la ugonjwa. Kazi yake ni kama ya kipimajoto: haikuambii kama ni malaria au homa ya matumbo, inakuambia usimwache huyu hapa bila kumtazama.

Chombo cha pili ni mafunzo yenyewe. Kwa msaada wa taasisi ya MacArthur, ambayo makao yake ni Chicago hiyo hiyo, kundi la majimbo lilitayarisha mafunzo ya saa nane kwa askari wa mahabusu na maafisa probesheni. Hawafundishwi kutibu. Wanafundishwa jinsi ubongo wa kijana unavyoendelea kukua hata baada ya miaka ishirini, hasa sehemu ile inayomsaidia mtu kujizuia. Wanafundishwa dalili, namna ya kuzungumza na kijana aliyechafukwa, namna ya kuihusisha familia, na wakati gani wa kumwita mtaalamu.

Nikupe mfano, msikilizaji, wa tofauti inayotokea. Kijana ameitwa mara mbili asimame, hakusimama. Askari anamfuata kwa nyuma, anamshika bega. Kijana anageuka na ngumi. Kwa jicho la zamani, huyo ni mkaidi, na dawa yake ni chumba cha peke yake. Kwa jicho lililofundishwa, linazuka swali: huyu kazoea kupigwa na nani, hata akiguswa mwili wake unaruka kabla akili haijafika? Askari aliyejiuliza hivyo husimama mbele, hujitambulisha, hushusha sauti. Kadhalika huzuni nzito, ile inayoitwa sonona, kwa kijana mara nyingi haiji na machozi bali na hasira na jeuri. Asiyejua huadhibu ugonjwa akidhani anaadhibu tabia.

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na sitaki kumdanganya mtu kwamba saa nane darasani ni muujiza. Askari akishatambua kwamba mtoto anataka kujiua, ni lazima awepo wa kumpokea mtoto huyo. Bila muuguzi, bila hospitali, na bila gari la kumfikisha huko, mafunzo yatamwongezea askari uchungu wa kujua asichoweza kukitibu. Na askari naye ni binadamu. Anayelala saa tatu na kulipwa kwa kuchelewa hawezi kushusha sauti kila usiku.

Sasa tuje nyumbani. Mahakama za watoto zilivuka bahari. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1908, na mwaka 1937 Tanganyika ikapata sheria ya watoto na vijana iliyochota mengi kutoka kwa wakoloni hao. Sheria hiyo ilidumu mpaka Tanzania ilipopitisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela na inayompa afisa ustawi wa jamii nafasi yake katika mahakama ya watoto. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuweza kushitakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Tuna mahabusu za watoto, tuna Shule ya Maadilisho ya Irambo kule Mbeya. Kwa maandishi, hatuko nyuma.

Lakini Chicago inatufundisha kwamba sheria ya 1899 ilikuwa nzuri pia kwa maandishi. Ilichukua miaka mia moja kutambua kwamba walimfundisha hakimu, wakamsomesha afisa, wakamlipa daktari, na wakamsahau yule anayebaki na mtoto usiku. Sisi hatuna haja ya kusubiri miaka mia. Tunaposikia bajeti ya ustawi, ya polisi au ya magereza inasomwa, tuulize swali moja lisilo na siasa: humo ndani kuna saa ngapi za kumfundisha mwenye funguo, na zikiisha hizo, kuna muuguzi gani wa kumwita?

Watoto hao si wa nchi nyingine. Ni wale wanaokuosha kioo cha gari kwenye taa za barabarani, wanaolala vibarazani Kariakoo, na mmoja wao anaweza kuwa wa ndugu yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jela una gharama kubwa kuliko wote.

Hadi wiki ijayo, inshallah.